Mkate wa Isomiddin

Jumatatu, 7 Oktoba

Isomiddin anakuja kesho. Nimekwisha!

Amepiga simu kutoka Kazan, sauti ya furaha utadhani bwana harusi. Miaka kumi na moja ya kuwabebea Warusi matofali inatosha, akasema. Binti yake anamtaka akaishi naye Tashkent, ila moyo wake uko huku Samarkandi, kwenye kichochoro chetu. Ataamua kwa mkate. "Kama mkate wangu bado unaningoja msumarini, Hakberdi, siendi popote tena. Tunaumaliza wote wawili, natafuta nyumba jirani yako, nazeekea hapo. Kama haupo, basi Mungu kanionyesha njia ya Tashkent."

Nikamwambia upo. Nikaongeza kwamba kila Ijumaa naupangusa vumbi.

Haupo. Niliula.

Siku anaondoka aliung'ata mara moja, kama kila msafiri, nikautundika ukutani umngoje arudi aumalize. Ukangoja miaka tisa. Kisha ikaja baridi ile ya mwaka juzi, gesi ikakatika siku nne, theluji ikaziba mlango. Nikauchovya kwenye chai kipande kwa kipande. Makombo nikayalamba. Msumari upo.

Sina rafiki mwingine, niseme ukweli, humu hakuna anayesoma. Mimi fundi saa, na wateja wamekwisha, kila mtu anatazama saa kwenye simu. Dada yangu Sanobar hunisemesha anapotaka chumvi tu. Isomiddin akienda Tashkent nitacheza drafti na nani? Na ukuta?

Lakini nina mpango. Nanunua mkate mpya, naung'ata mwenyewe, naukausha juani. Siku tano zitauzeesha. Siku hizo nitamzungusha Isomiddin mjini, makaburi, masoko, mahoteli, asikanyage kwangu. Nitasema nyumba inapakwa chokaa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake!

Jumanne, 8 Oktoba

Mkate mnene wa namna ile ya zamani anaoka mtu mmoja tu: Fozil, jirani yangu, mtoto wa marehemu aliyeoka ule wa kwanza. Hatupatani tangu mzabibu wake ulipovuka ukuta wangu na mimi nikala zabibu. Akaniuliza imekuwaje leo, mbona siku zote nanunua wa jana? Nikasema daktari kaniagiza.

Nikaung'ata. Meno yangu ya bandia yakabaki mkateni. Nikayachomoa, na hapo ndipo nilipouona muhuri. Loo! Zamani waokaji waligonga maua katikati ya mkate. Siku hizi wanagonga namba ya simu. Tarakimu tisa za Fozil, vitundu vitundu, hata kipofu anazisoma.

Nikaviziba kwa uji wa unga na masizi. Havionekani. Karibu havionekani.

Nikauweka juu ya paa, kifudifudi, kwa usalama zaidi. Sanobar akapanda kuanika nguo, akapiga ukelele ulioamsha mtaa mzima. Akaniuliza nina akili au nina makamasi kichwani, mkate unalazwa kifudifudi tangu lini, nataka kutuletea nuksi? Nikaugeuza. Sikumwambia wa nini. Hakuuliza, ndivyo anavyonidharau.

Isomiddin akashuka na treni ya mchana. Mvi kichwa kizima! Tulikumbatiana pale steshini, nikalia, na hapo sikuigiza. Nikamweleza habari ya chokaa. Nilikwisha kumtafutia chumba mbali, upande wa pili wa mji. Tulipopita kichochoroni kuchukua blanketi, Fozil akatokeza mlangoni na tabasamu la mwokaji: mgeni wa kaka Hakberdi ni mgeni wake, ana vyumba vitatu vitupu, atalalaje hotelini kama yatima? Akamnyang'anya begi.

Kwa hiyo Isomiddin analala kwa Fozil. Dirisha linatazama paa langu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimefunika mkate kwa beseni lenye matundu. Jua linaingia, macho ya Fozil hayaingii.

Leo ilikuwa siku ya pilau. Nilimwahidi ile hoteli ya kilimani, wali chini, karoti juu yake, nyama kileleni, kila kitu mahali pake, si kama wenzetu wa Tashkent wanaovuruga. Nikampitisha njia ndefu ili siku iishe: msikiti mkubwa, kiwanja cha zile madrasa tatu, kisha tena msikiti mkubwa. Akasema huu tumeshauona. Nikasema asubuhi tuliuona kwa mbele.

Tukafika saa saba kasoro. Mtu mzima wa Samarkandi, niliyezaliwa hapa, nikampeleka mgeni kwenye pilau saa saba kasoro! Kila mtoto anajua adhuhuri ikifika pilau imekwisha. Sufuria lilikuwa linasuguliwa kwa mchanga. Mpishi akanitazama akaniuliza kama natoka ng'ambo.

Zilibaki nyanya na vitunguu. Isomiddin hakujali, alikuwa ameshiba: kumbe Fozil humwamsha kwa mkate wa moto, krimu ya maziwa na asali. Njaa ilikuwa yangu peke yangu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu leo ilikuwa kilomita tisa.

Akaniuliza mkate wake haujambo? Nikasema haujambo, unamsalimu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Makaburi ya Shohi Zinda. Goti limevimba.

Nilisahau habari ya zile ngazi. Unazihesabu ukipanda, unazihesabu ukishuka. Hesabu zikilingana, moyo wako ni safi. Zisipolingana, una dhambi, jirekebishe. Isomiddin akapata arobaini juu, arobaini chini. Mimi nikapata thelathini na tisa na arobaini na tatu. Nikasema arobaini. Akasema mbona nilikuwa nahesabu kwa sauti? Akanirudisha. Mara ya pili, arobaini na moja na thelathini na nane. Mabibi wawili waliokuwa wakishuka wakaniombea dua bila kuombwa.

Mara ya tatu nikaketi katikati ya ngazi. Isomiddin akaketi kando yangu. Akasema, bila kunitazama, "Hakberdi, kama kuna jambo, niambie. Sisi si watoto." Akanishika goti lile lile linalouma.

Ulikuwa mdomoni. Wallahi ukweli ulikuwa mdomoni, ningefungua tu.

Nikasema hakuna jambo, ni viatu.

Tulikula sambusa za tanuri sokoni Siyob. Nikaunguza ulimi. Naona ulistahili.

Jioni nikakuta upepo umepeperusha beseni na shomoro wamedonoa kingo zote za mkate. Nilikaribia kulia, kisha nikatazama vizuri. Unaonekana mzee! Unaonekana umepitia mengi! Mungu hamtupi mja wake, hata mja wa namna yangu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Maji yamezidi unga. Nasema maji yenyewe, mvua!

Tulikuwa kwenye ile nyumba ya zamani ya kutazamia nyota, mimi, Isomiddin na Fozil, maana Fozil siku hizi anaacha tanuri kwa mkewe na kutufuata. Anasema naye hajatembea mjini mwake. Wingu likaja. Nikaaga nikakimbia, nikasema nimeacha chokaa nje. Fozil akanipigia kelele kwamba chokaa hailowi ikishalowa! Isomiddin akacheka sana. Walicheka pamoja. Nimekimbia mteremko mzima nikisikia kicheko chao.

Mkate ulikuwa sponji. Nikauingiza kwenye jiko la Sanobar, moto mdogo. Nikaketi kuulinda. Saa moja tu, nyumba nzima ikanukia mkate mpya. Kichochoro kizima! Mkate wa miaka kumi na moja, na harufu ya asubuhi!

Isomiddin akapita, akasimama nje ya mlango, nikasikia anavuta pumzi. Akaniuliza kupitia tundu, "Unaoka?"

Nikasema ni chokaa.

"Chokaa ya siku hizi," akasema, akaenda zake.

Sanobar alikuwa kasimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Akaniambia kaka, mwambie huyo mtu uliula, ulikuwa na njaa, yaishe. Nikamwambia hajui lolote kuhusu urafiki. Akasema kweli, yeye hajawahi kuniona nikiwa nao.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sijui niandikeje.

Nimemwita Isomiddin mchana. Nilichagua nguo, nikatandika kitambaa kipya, Sanobar akapika mchuzi wa kondoo bila kunisemesha. Isomiddin akaja amevaa kofia yake ya harusi. Ya harusi! Na akaja na Fozil. Akasema marehemu baba yake Fozil ndiye aliyeuoka, lazima mtoto ashuhudie ukimalizwa.

Akatazama kuta. Akasema chokaa imekauka upesi. Hakuna aliyecheka.

Nikautoa msumarini kwa mikono miwili. Isomiddin akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, kama inavyopasa, macho yamemjaa maji. Akaugeuza taratibu. Akapitisha kidole pale palipong'atwa. Akasema hakumbuki kuwa alikuwa na mdomo mkubwa hivi. Nikasema alikuwa kijana.

"Nilikuwa na miaka arobaini na tisa," akasema.

Akapitisha kidole katikati. Uji wangu wa unga ukadondoka. Chembe moja. Chembe ya pili. Tarakimu zikajitokeza moja moja mbele ya macho yetu, tisa, tatu, saba, nami nikawa natazama mlango. Isomiddin akavaa miwani. Akatoa simu, akabonyeza, akisoma mkate polepole.

Mfukoni mwa Fozil jogoo akawika.

Akawika mara nne. Fozil akawa hajui aipokee au aache. Mwishowe akaipokea! Akasema halo! Na Isomiddin, ameketi hatua moja kutoka kwake, akamwambia kwenye simu, "Fozil, mkate huu umeuoka lini?" Na Fozil, huyo mshenzi, kwa mara ya kwanza maishani akanionea huruma. Akasema hakumbuki, anaoka mingi.

Nikasema yote. Gesi, theluji, chai, makombo. Nikasema niliona haya, nikasema nisamehe, nikasema sana.

Isomiddin akauweka mkate kwenye kitambaa, uso juu. Akasema mkate ni wa kuliwa, na mtu mwenye njaa hana kosa. Angenicheka tu, akasema, na tungenunua mwingine. "Ungeniambia Jumanne pale steshini, ningekaa. Ungeniambia juzi kwenye ngazi, ningekaa. Nimerudi kwa ajili yako, Hakberdi. Mkate ulikuwa kisingizio cha mzee anayeona haya kusema. Wewe umenizungusha siku nne nikiutazama huo msikiti."

Treni ya Tashkent ni kesho asubuhi.

Mficha uchi hazai. Mama aliniambia tangu nikiwa mdogo. Mchuzi haukuguswa. Fozil aliondoka wa mwisho, akaniacha na bega langu likiwa limepapaswa. Ningependa zaidi anitukane.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda steshini. Nilidhani hatanisalimu.

Fozil alileta mkate wa moto wa safari. Treni ilipokwisha kuita, Isomiddin akauchukua, akaung'ata mara moja, ng'ato dogo safi la mtu mwenye meno yake. Akanipa mimi. Mimi! Mbele ya Fozil! Akasema, "Safari hii usiuguse. Nowruzi nakuja kuutazama. Ukiwepo, tutaongea habari ya nyumba."

Nowruzi! Sikukuu ya mwaka mpya wetu, Machi! Miezi mitano tu! Nimelia mpaka mkusanya tiketi akanipa maji. Nimeubeba kifuani njia nzima, umenichoma kidogo, sikujali. Sanobar mwenyewe kashika nyundo kuukaza msumari. Akasema labda Mungu ni mwingi wa rehema kuliko alivyodhani.

Nimeapa. Naandika hapa kwa wino: sitaugusa, sitaudanganya, nikikosea nitasema siku hiyo hiyo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikuula. Ieleweke.

Ila asubuhi nikiutazama niliona ng'ato limekaa upande, kidogo tu, ukawa unaning'inia vibaya. Nikamega upande wa kushoto ulingane. Hapo wa kulia ukaonekana umezidi. Nikasawazisha. Chai ilikuwa tayari mezani, na makombo huwezi kuyatupa, ni dhambi.

Kufikia saa nne, nikawa nimesawazisha hadi kwenye namba ya simu.

Sanobar yuko sokoni. Nilinyanyua simu nimpigie Isomiddin, niseme leo leo kama nilivyoapa. Nikaiweka. Ya nini kumsumbua, bado hajapumzika na safari. Na kosa langu la mara ya kwanza sasa nalijua vizuri: lilikuwa muhuri.

Nimezungumza na fundi mmoja wa mihuri nyuma ya soko. Atanitengenezea wangu mwenyewe, maua matupu, bila namba. Na safari hii nitaukausha ndani, mvua isiuone.