Damu ya Mkwe Mfukoni Mwangu

Jumatatu, 4 Machi
Mtafiti, binti mpole, ametujia chumba cha eksirei kupima damu zetu. Mionzi ikimzidi mtu, asema, vimeng'enya vya chembe zake nyekundu hulegea kazi. Atakayekutwa hivyo ataondolewa. Mimi niliyezeekea humu! Msaidizi wangu, Bwana Haraka, akauliza mbele ya wagonjwa kama kiti changu kina magurudumu, maana atapenda kukisogeza dirishani. Wakacheka. Nikasema Mungu amsamehe. Sikumaanisha.

Jumanne, 5 Machi
Binti ametutoa damu. Vichupa nimekabidhiwa mimi nivipeleke maabara kesho, kwa kuwa ni mtu wa dini. Ole wangu! Shetani hakuhitaji mwaliko mwingine.

Jumatano, 6 Machi
Alfajiri kwa mkwe wangu, fundi cherehani, asiyejua mionzi wala harufu yake. Nikamdanganya kuwa ni uchunguzi wa ukoo. Akakunja mkono wa shati, akasema, baba, hata ukitaka figo chukua. Sikuweza kumtazama. Kichupa chake mfukoni mwa koti, kifuani; vya wenzangu ndani ya kisanduku cha barafu. Njiani waumini wakanishika niwape mawaidha. Nikahutubu juani hadi adhuhuri. Mada: uaminifu. Wengine walilia. Kisha maabara, nikabadilisha kichupa changu kwa chake mlangoni.

Ijumaa, 8 Machi
Majibu. Wenzangu wote salama. Mimi vimeng'enya karibu vimekufa! Binti hajapata kuona damu iliyochoka hivi kwa mtu anayetembea. Mkuu wa hospitali amenisimamisha kazi. Bwana Haraka alilia, kweli alilia, kisha akaomba funguo za kabati. Jioni waumini wakaniombea shifa kwa sauti. Nami nikaitikia Amina.

Jumamosi, 9 Machi
Binti amekuja nyumbani kunijulia hali. Anashuku damu ilipata joto. Vimeng'enya havistahimili, damu hutakiwa iwe na ubaridi wa wastani tu, wala isigandishwe, maana chembe hupasuka. Jumatatu atanitoa damu upya, na kichupa nitakipeleka mwenyewe, kwani ananiamini kama babaye. Nikafungua kinywa niungame. Kikamuuliza kama chai yake aitaka na sukari.

Jumapili, 10 Machi
Nimetubu kwa machozi, magoti yameuma. Nikatoka ibadani moja kwa moja hadi kwa mkwe. Akauliza, ukoo bado haujaisha, baba? Nikamjibu kwa upole kwamba ukoo wetu ni mkubwa. Kosa langu nimekwisha kulijua: lilikuwa joto. Kichupa chake kipya nimekilaza kwenye friza. Ubaridi wa wastani ni kwa wenye shaka. Hiki kimeshaganda kama jiwe.