Visu vya Dwight, Viazi vya Wanda

Hakuna mtu chini ya jua aliyejua visu kama Dwight Tackett. Usibishe! Mwenyewe ndiye aliyesema, tena kwa sauti, kila Jumamosi, kwenye benchi la mbele ya mahakama ya wilaya ambako wazee hukaa wakichonga vijiti.

Sebuleni kwake kulikuwa na kabati la kioo lenye taa ndani. Humo vililala visu arobaini vya kukunja, vyote vya mpini wa njano, vyote mfano wa kisu cha marehemu babu yake. Vya kale? Wapi! Kiwanda kilivitoa juzi tu, kikavipaka uzee, ili watu wazima wanaolilia utoto wapate pa kutupia hela. Havikuwahi kukata hata uzi. Na kukishika kimoja, sharti uvae glavu!

"Nilichanika goti nina miaka saba," alisimulia kwa mara ya elfu. "Nikashonwa bila ganzi. Babu akanipa kisu chake, kimekunjwa, nikiume. Meno yangu yamo kwenye mpini mpaka leo! Alipokufa kikapotea. Siku nikikipata, kabati zima nagawa bure."

"Utakijuaje?" aliuliza Mzee Burl Ratliff, mkongwe wa benchi.

"Kwa kushika tu, mzee! Hata nimefumba macho!"

Sasa, benchi lile lina mchezo wake: kubadilishana bila kuona. Kila mtu anafumbata kisu chake mkononi, mnapeana, basi. Ukishapokea, imekwisha. Anayelalamika anatafuta benchi lingine.

Jumamosi moja Dwight alipania kumwingiza Mzee Burl mjini. Atoe kisu cha kabatini? Thubutu! Alipekua droo ya jikoni akakuta kikweche ambacho mkewe, Wanda, alimenyea viazi. Mpini umevaa masizi na mafuta, huoni rangi. Kilikuja na sanduku la vyombo vya bibi yake Dwight, siku ile Dwight aliposema, "Masufuria hayo hayanihusu," akarudi kupangusa kioo cha kabati.

Akakifumbata njia nzima, akicheka peke yake.

"Tayari, mzee?"

"Tayari."

Wakapeana. Dwight akafungua kiganja: kisu cha njano, kipya, kinang'aa, zawadi aliyoletewa Mzee Burl na bintiye! Dwight akaruka juu.

"Umeliwa, mzee! Umepewa kisu cha viazi!"

Mzee Burl alikitemea mate kile kikweche, akakisugua kwenye suruali. Akasugua tena. Njano ikachungulia.

"Dwight," alisema taratibu, "haya si meno ya mtoto?"

Benchi zima likaacha kuchonga. Dwight akainama kutazama, akapiga magoti, hata lile lililoshonwa.

"Mzee wangu... nakusihi. Chukua kabati zima!"

"Nikavifanyie nini visu vinavyoshikwa kwa glavu?" Mzee Burl alitoa tufaha mfukoni, akalimenya ganda refu bila kukatika. "Mkeo anajua kunoa, ebo! Sasa sikiliza. Kubadilishana ni kubadilishana. Ila ukitaka kukishika, kipo hapa kila Jumamosi. Fumba macho kwanza."

Wazee walicheka mpaka mmoja akadondosha meno ya bandia.

Dwight alirudi nyumbani kwa kuburuta miguu. Wanda alimngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba, kisu changu cha viazi umekipeleka wapi?"

Dwight akainama kufungua viatu.

"Nakuuliza wewe! Miaka yote namenyea kile, leo kimeota miguu?"

Wanda akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akalifungua, akatwaa kisu cha mbele kabisa kwa mkono mtupu wenye unga.

"Wanda! Hicho ni cha..."

"Ni cha nini?"

Dwight alikitazama. Akatazama na vingine, safi, vimepangana na taa yao.

"Si cha kitu," alisema.

"Basi chukua na wewe kimoja uje unisaidie. Anza na vitunguu."

Akaanza na vitunguu. Angalau hapo angeweza kulia anavyotaka, na asiulizwe na mtu analilia nini.