Gari la Kwenda kwa Baba Mkwe

Jumanne, 1 Juni 1976
Habari mbaya. Kondakta wa treni ameleta salamu kutoka Sakania: baba mkwe, Mzee Aruna, hali yake si nzuri, anamtaka binti yake. Habiba, mke wangu, akaanza kufunga furushi apande treni ya Alhamisi. Nikamwambia asubiri, tutakwenda na gari letu. Akauliza gari lipi, hilo wanamotagia kuku?

Ndiyo, hilo! Mazda, mali ya mwalimu Mzungu aliyerudi kwao. Nilimpa masinia yangu ya shaba, akaniachia ufunguo. Injini tu ndiyo imekufa. Idi iliyopita Amadi, aliyemwoa dada yake Habiba, alifika Sakania na Peugeot. Akapewa kiti na firigisi ya kuku. Mimi wa treni nikapewa kigoda na shingo. Safari hii shingo ale mwingine.

Jumatano, 2 Juni
Baridi kali. Tumefungua injini, mimi na Chomba, fundi wa magari. Kitu cha ajabu! Haina pistoni. Ina pembetatu mbili kama sambusa, zinazunguka ndani ya ukuta, na kila kona ya sambusa ina chuma chembamba cha kuzibia. Kimoja kimevunjika, vipande vimekwangua ukuta, kromu imebanduka kama ukoko wa bukari, ugali wetu. Chomba akasema ukuta ule haurudishwi tena ndani, wala vile vyuma. “Citoyen Alimasi, hii moteur ilishakufa. Uniuzishe tu carrosserie.”

Aha! Kikulacho ki nguoni mwako. Bodi ya gari langu ameitamani tangu mwaka jana. Anayeharakisha kumtangaza marehemu ndiye mrithi.

Uamuzi: kila kitu kinarudi. Mikwaruzo nitaiziba kwa risasi ya kulehemia. Vyuma vya kona nitachonga vya shaba. Mimi mfua shaba, mwana wa mfua shaba, na mji mzima huu unakula shaba. Sambusa za Mjapani zitakataa?

Alhamisi, 3 Juni
Treni imeondoka. Habiba alikuwa mlangoni na furushi kichwani. Nikamwapia kwamba kesho baada ya sala ya Ijumaa tuko njiani. Akanitazama sana. Kisha akafungua furushi.

Nimechonga mpaka vidole vimevimba. Vyuma vyangu vinang'aa kuliko vya kiwandani! Chomba akapita, akasema injini ikipata moto risasi itayeyuka. Nikamjibu hata wivu huyeyuka. Akaenda zake. Nimemshinda.

Ijumaa, 4 Juni
IMEWAKA! Moshi umefunika ua wote. Jirani alianua nguo zake huku akinitukana. Inakohoa, lakini inazunguka.

Safari leo haikuwezekana. Ilibidi kwanza nipite mbele ya duka la Amadi. Mara mbili. Amadi akatoka, akasema alfajiri yeye na mkewe wanakwenda Sakania, nafasi ipo nyuma, Habiba aichukue. Nikamshukuru kwa ubaridi. Sisi tuna gari. Habiba alikuwa kando yangu, ameshika kitasa cha mlango. Nilidhani anajivunia.

Jumamosi, 5 Juni
Tuliondoka mapema, kabla hatujapewa majembe ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Daraja la Kafubu, hapo tu nje ya mji, hatukulifikia. Mluzi, kishindo, kimya! Nikafungua plagi: risasi imerukia hata huko. Nikachungulia tunduni: shaba imekunjamana kama karatasi.

Tulikaa hadi jioni, lori la mkaa likatuvuta kurudi Kamalondo, mtaani kwetu. Watu walicheka barabara nzima. Habiba aligeuza shingo akatazama nyuma, upande wa Sakania, mpaka tukafika.

Jumapili, 6 Juni
Mzee Aruna amefariki jana adhuhuri. Wamemzika alasiri. Kondakta anasema dada yake Habiba alipoingia, mzee alifumbua macho akauliza mwingine yuko wapi. Wakamwambia yuko njiani, anakuja na gari.

Habiba aliniuliza jambo moja tu. “Kama nilipanda ile train ya Alhamisi, ningemukuta anasema?” Nikamwambia ajali haina kinga. Akauliza tena. Nikatoka nje. Moyo unaniuma vibaya. Nilimpenda yule mzee. Hata ile shingo alinipa kwa mikono miwili.

Jumanne, 8 Juni
Habiba amekwenda matangani kwa treni, peke yake. Nilitaka kumbebea furushi, akalihamishia bega la pili. Nilibaki kituoni hadi wafagiaji wakanifukuza. Nyumba ina baridi. Sijala.

Alhamisi, 10 Juni
Chomba kaja kunipa pole. Pole haijapoa, akauliza tena habari ya bodi. Hana haya!

Nimelia, kisha nimefikiri. Kosa halikuwa kurudisha vitu vibovu. Shaba tupu ni laini, basi. Nitaichanganya na zinki iwe ngumu, na ukuta nitausugua vizuri zaidi. Nimempa kondakta ujumbe ampelekee Habiba: arobaini ikiisha, asipande treni. Akae barazani kwa marehemu baba yake anisubiri. Ninakuja kumchukua na gari.