Kibali cha Kufa kwa Inspekta

Wananchi wote mnaarifiwa kwamba Inspekta, yule wa tamthilia ya polisi ya kila Ijumaa, ameruhusiwa kufa. Kibali kimetoka juu.

Haikuwa kazi nyepesi. Mwigizaji wake alikuwa amechoka hadi kwenye kucha. Watu walimletea kesi nyumbani, huyu kaibiwa kuku, yule mumewe haonekani, wote wamejazana kwenye makochi wakimsubiri avae kofia. Mkewe alishafunga mabegi.

"Baba watoto, nimeolewa na wewe au na kituo cha polisi?" aliuliza, huku akimpisha mzee aliyeingia na kufuli lililovunjwa. "Kufa basi, tupumzike. Usipokufa mwezi huu, mimi naenda kwa mama."

Mwigizaji akaenda kuomba kufa. Mkataba ulisema hatoki kwenye tamthilia Inspekta akiwa hai, na Inspekta, kwa kuwa ni mtumishi wa umma, hafi bila Kamati. Ni utaratibu wa busara. Watumishi wakiachiwa kufa ovyo, kazini atabaki nani?

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye feni moja, nayo ilimwelekea Mwenyekiti. Mtunzi wa tamthilia akasoma pendekezo: Inspekta anapigwa risasi na jambazi.

"Jambazi gani?" akauliza Mwenyekiti. "Ujambazi tulishautokomeza. Nilitangaza mwenyewe."

"Basi agongwe na gari, mheshimiwa."

"Kwenye barabara ipi? Zote tumezizindua."

"Augue tu."

Mjumbe wa hospitali akakohoa. Dawa zipo, alisema, kwa hiyo mtu akifa kwa ugonjwa amefanya makusudi.

Akilini mwake mwigizaji aliyaona mabegi ya mkewe yakitoka mlangoni. "Waheshimiwa," akasema, "mimi nitakufa na chochote mtakachonipa. Sichagui."

Unyenyekevu huo uliwagusa. Baada ya chai, Kamati ikaamua kwa kauli moja: Inspekta afe kwa uzee.

"Ana miaka arobaini na moja," mtunzi akanong'ona.

"Na ametumika vya kutosha," akajibu Mwenyekiti, akatia saini. "Andika kwamba kwa mtumishi wa umma huo ndio uzee. Anayevuka hapo anajikongoja tu."

Ijumaa Inspekta akafa kitini, mafaili yote kayamaliza, na daktari wa kwenye tamthilia akayasoma maneno ya Kamati kama yalivyo. Nchi nzima ililia. Mwigizaji akalala mpaka jua likamchoma usoni. Mkewe akarudisha nguo kabatini.

Jumatatu mwigizaji alikwenda kwa Kamati kurudisha sare. Ofisini akakuta wafanyakazi wamevaa nyeusi, na Mwenyekiti, mwenye miaka sabini na mitatu, amesimama mlangoni kwake. Kwenye kiti chake amekaa naibu wake, kijana wa thelathini na tano.

"Pole sana, mzee wetu," naibu alikuwa akisema kwa upole. "Tumepokea uamuzi wa Kamati. Wizara imeridhia, na wananchi wameuona kwa macho yao. Hotuba ya kukuaga nimeshaiandika. Nzuri, utaipenda."

"Wewe mtoto, mimi ni mzima. Nina nguvu zangu."

"Sikatai, mheshimiwa. Ila hilo la uzima lazima lipitie kwenye Kamati."

"Basi iite, ikae leo leo."

Naibu akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Haiwezi kukaa, mzee. Haina Mwenyekiti."