Mtaa Kwanza, Nyumba Baadaye

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya pili kwenye kochi la dada. Kochi fupi, mimi mrefu. Miguu inalala kwenye stuli, na stuli ina tabia ya kuniacha alfajiri. Shemeji huamka mapema kusikiliza taarifa ya habari. Hukaa juu ya miguu yangu, kisha huniuliza kama nimelala salama.

Mke wangu amepiga simu. Anataka kujua kama nimepata nyumba. Nikamwambia bado, ila nimepata mfumo. Akauliza kama mfumo una choo cha ndani.

Haoni mbali, maskini. Nikamweleza taratibu. Watu wote wanaohamia mji mgeni hukosea pale pale: wanatafuta nyumba kwanza, wakishahamia ndipo wanagundua mtaa hauna maji, au jirani ana bendi. Mimi nachagua mtaa kwanza. Kisayansi. Nyumba itajileta yenyewe.

Akasema yeye na watoto watakuja mwisho wa wiki ijayo shule zikifungwa, mfumo uwepo usiwepo, na kwamba hana mpango wa kulala kwenye kochi la wifi yake, tena juu yangu.

Dada, aliyekuwa anasikiliza akiwa jikoni, akajitolea kuwauliza wenzake kazini. Nikacheka. Mambo haya si ya kuulizana. Madalali nao siwataki. Dalali anakuonyesha dirisha zuri ili usiuone mtaro.

Jumanne, 4 Juni

Kazini. Natengeneza meno ya bandia. Kampuni imenihamishia tawi hili jipya kwa sababu, alivyosema bosi wa kule, nina mkono mzuri na mdomo mrefu, na wao walikuwa wamechoka na kimojawapo.

Kuna mwenzangu kahamishwa pamoja nami kutoka tawi jingine. Namwita Mtanashati. Kutwa tunashinda kwenye vumbi la plasta, yeye anatoka na kola nyeupe vilevile. Anachana nywele kabla ya kuvaa barakoa! Naye anatafuta nyumba. Anauliza kila mtu, bila haya. Kamuuliza mlinzi. Kamuuliza bosi. Leo kamuuliza mteja aliyekuwa ameng'ata nta ya kupimia, hawezi kujibu.

Bosi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akasema mitaa ya kuja kazini kwa miguu ni mitatu tu: kule juu mlimani, kule karibu na stesheni, na kule nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mtanashati akanitazama. Nikamtazama. Vita.

Nikamvuta pembeni kirafiki. Nikamwambia, kaka, nimeshafanya uchunguzi, nyuma ya kiwanda cha sabuni ndiko kwenyewe. Sijawahi kukanyaga huko. Ninachojua ni kwamba upepo ukitokea upande ule, shemeji anapiga chafya mpaka chai inamwagika. Lakini nikatia chumvi: hewa safi, mtaa mzima unanukia, ukianika nguo zinakauka zikiwa safi kuliko ulivyozifua. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniita ndugu yake.

Roho ikanisuta kidogo. Halafu ikaacha.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimeanza na mlimani. Mbinu: kwenda nyumba hadi nyumba kuwauliza wenyeji kuhusu maji. Tatizo: nani atamfungulia mtu asiyemjua? Ufumbuzi: koti langu jeupe la kazini, na kalamu mfukoni. Mtu mwenye koti jeupe na kalamu hafungiwi mlango.

Nimefunguliwa milango yote. Nilipouliza maji yakoje, wenyewe wakauliza kwani yana nini. Nikajibu kwamba hilo ndilo nililokuja kuchunguza. Baba mmoja akaweka chini glasi aliyokuwa akiinywea. Mzee mmoja akanionyesha mgongo wake. Bibi mmoja akafungua kinywa, nikaona meno yake ya bandia yanacheza, nikashindwa kujizuia nikamwambia yanahitaji kurekebishwa taya la chini. Akawaita majirani waje kumwona daktari. Nilipoona foleni inaanza, nikala kona.

Jioni, tukiwa mezani, shemeji akatuletea habari nzito. Huko mlimani kuna ugonjwa kwenye maji! Madaktari wanapita nyumba kwa nyumba. Watu wanachemsha maji ya kunywa, ya kuoga, hata ya kumwagilia maua.

Nikashtuka sana. Nikamshukuru Mungu kwamba sijalipa kodi huko. Ilibidi nimeze matonge kadhaa ndipo nikakumbuka daktari mwenyewe ni nani.

Hata hivyo nimeufuta mtaa huo. Huwezi kujua.

Jumamosi, 8 Juni

Bado stesheni. Safari hii hakuna koti, hakuna maswali. Nimegundua kwamba mtaa unaonekana vizuri zaidi msibani. Hapo hakuna wa kuigiza. Unaona nani anabeba viti, nani anakaa tu, nani hasalimiani na nani. Mlinzi wa kazini alikuwa ametaja msiba karibu na stesheni. Bahati iliyoje! (Mungu anisamehe.)

Nikavaa suruali nyeusi. Nikafanyia mazoezi sura ya huzuni kwenye kioo. Dada akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Nikaketi chini ya turubai, nikachunguza. Maji yanatoka bombani kwa kishindo. Majirani wanapokezana masufuria bila kuambizana. Shule iko ng'ambo ya barabara. Treni ikipita hakuna hata mtoto anayeamka. Nikaupenda mtaa ule mpaka nikasahau kuhuzunika.

Hapo ndipo msimamizi wa shughuli aliponiinamia, akaniuliza nimetokea wapi. Nikasema mbali. Ni kweli, nimetoka mbali. Macho yakamtoka. Akasimama akatangaza kwamba kuna ndugu wa marehemu amefunga safari kutoka mbali, naye atasema machache.

Nikasimama. Lugha yetu ina huruma kwa waongo: marehemu ni marehemu, huhitaji kujua zaidi. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Wakaitikia. Nikasema marehemu hakupenda makuu. Wakaitikia kwa nguvu zaidi. Ningekaa hapo, leo ningekuwa na nyumba. Lakini mama mmoja wa mbele alikuwa ameanza kulia kwa ajili ya maneno yangu, na mimi nikisikilizwa sijui kunyamaza. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba marehemu alikuwa baba kwetu sote.

Vichwa vyote vikageukia mezani. Kwa mara ya kwanza nikaitazama picha juu ya meza. Kilemba. Hereni. Bibi kizee ananitazama kama aliyekuwa akiningojea.

Nikapima umbali wa kwenda barabarani. Kabla sijanyanyua mguu, binti mkubwa wa marehemu akainuka. Akasema, "Kweli kabisa! Mama ndiye aliyekuwa baba yetu. Alitulea peke yake, na hakuna aliyewahi kulisema hilo mbele za watu. Mjomba, asante."

Akanikumbatia. Wakaja wengine. Nikalia kweli. Simjui mama yule, lakini na mimi nililelewa na mmoja tu, na yeye hakusemewa neno.

Wamechukua namba yangu ya simu, wote.

Jumatatu, 10 Juni

Balaa. Mtoto wa kiume wa marehemu anataka nyumba ya mama yao iuzwe. Binti mkubwa hataki. Wamekubaliana jambo moja tu: mjomba aamue. Mjomba ni mimi! Binti mwenyewe ana mvi, mimi sina. Walipiga asubuhi nikiwa nachanganya plasta, wakapiga mchana, wakapiga nikiwa chooni. Nikawaambia nalitafakari. Ndipo nikaizima simu.

Na stesheni ndiyo imekwenda. Ningehamiaje pale? Mzee wa ukoo hawezi kuonekana anapanga chumba uani kwa watu.

Umebaki mtaa mmoja. Na huo nimemtuma Mtanashati kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatano, 12 Juni

Mtanashati ameingia karakana akiwa anang'aa kama meno aliyoyasugua. Amepata nyumba! Nyuma ya kiwanda cha sabuni! Akatangaza mbele ya wote kwamba maji hayakatiki mchana na usiku kwa sababu kiwanda kina kisima chake na wanagawa. Shule ni ukuta kwa ukuta. Mtaa mzima unanukia kama shuka lililotoka kuanuliwa. Na haya yote, akasema, ni kwa hisani ya ndugu yangu huyu hapa. Wakanipigia makofi. Akaninunulia chai.

Nikaikoroga mpaka ikapoa.

Akaongeza kwamba pembeni yake kuna nyumba nyingine tupu, na kama bado nahangaika aniombee kwa mama mwenye nyumba. Nikamwambia asijisumbue, nina mpango mkubwa zaidi. Kwa nini nilisema hivyo? Sijui. Mdomo wangu una ofisi yake, mimi nina yangu.

Nikarudi mezani nikiwa nimefura. Mwalimu mstaafu alikuwa anangoja seti yake, juu na chini. Nikampa. Akaenda kiooni, akarudi, akanionyesha. Nilikuwa nimemtengenezea ya juu mara mbili, ya chini hakuna. Bosi aliyaweka mezani mbele yangu, yakawa yananicheka.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemeza kiburi. Robo yake, yaani. Nimekwenda kwa siri.

Ni pazuri! Watoto wanatoka shuleni wakiwa kama wamepigwa pasi. Nikamwona mama mwenye nyumba anamwagilia bustani, nikajongea. Papo hapo Mtanashati akatoka mlangoni na mkewe, wakisifia hewa. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Kama bado nilikuwa na shaka kuhusu maji, iliishia pale. Tangi lilijaa, likafurika, likanimwagikia kichwani kwa muda wote walioutumia kusifia hewa.

Walipoondoka nikajitokeza, natiririka. Mama mwenye nyumba akashtuka. Nikamuuliza kuhusu nyumba ya pili. Akasema pole sana, imeshachukuliwa asubuhi hii, kwa simu. Mwanamke mmoja. Aliuliza maji, akauliza shule, akauliza majirani, akasema naichukua. Chai ya mama mwenye nyumba ilikuwa haijapoa. Akasema amempenda kwa sauti tu, mwanamke anayejua anachotaka.

Nimemlaani mwanamke huyo njia nzima. Wapo watu wanachukua nyumba kama wanachukua nyanya, bila utafiti wowote! Nikamwonea huruma mumewe.

Ijumaa, 14 Juni

Nimewasha simu. Ikatetemeka mpaka ikaanguka mezani. Nusu ni wapwa wangu wa stesheni. Nusu ni mke wangu.

Nikampigia nikiwa nimesimama. Akauliza nilikuwa kaburini? Nikasema nilikuwa karibu na hapo. Akasema ameshindwa kunipata, akapiga kazini jana asubuhi kabla sijafika, akapokea bwana mmoja mwenye adabu zake. Akamuuliza tu: ninyi mnakaa wapi, na panafaa? Bwana akamwambia, akampa na namba ya mwenye nyumba. Kwisha. Basi lao linaondoka usiku.

Nikauliza kwa sauti ndogo nyumba yenyewe iko wapi.

"Nyuma ya kiwanda cha sabuni. Unapajua?"

Nikasema napajua kidogo.

Jumapili, 16 Juni

Tumehamia. Shemeji ametusaidia kubeba mizigo kwa furaha ambayo angeweza kuificha kidogo. Dada alilia, halafu akalinyoosha kochi mgongo. Mtanashati amebeba magodoro yetu akiwa na shati jeupe, na halikuchafuka. Mkewe na mke wangu wameshakuwa chanda na pete. Watoto wanacheza bombani, naambiwa niwaambie wanywe maji wasiyachezee, nami nawaambia, hawanisikii.

Mke wangu alisimama mlangoni akavuta hewa. Akamwambia Mtanashati kwamba hajui amshukuruje. Mtanashati akacheka. Akasema, "Mshukuru mumeo, dada. Huu mtaa mimi nilionyeshwa na yeye."

Mke wangu akageuka akanitazama. Hajanitazama vile tangu mwaka tuliooana. Ningeweza kusema ukweli. Mdomo ulifunguka kabisa. Ukasema kwamba nilijua tu ataupenda.

Na wapwa wangu wamepatana! Walingoja jibu la mjomba, simu haipatikani, ikabidi wakae wazungumze wenyewe. Nyumba ya mama haiuzwi. Wamenitumia ujumbe wa kunishukuru kwa hekima yangu ya kunyamaza.

Jumatatu, 17 Juni

Nimelala kitandani. Nimelala nimenyooka. Kichwa kimetulia na mambo yote nayaona wazi: mfumo umefanya kazi. Mtaa kwanza, nyumba ikajileta. Nilisema!

Kazini bosi ananitazama kwa jicho jipya. Mtanashati kamweleza jinsi ninavyoijua mitaa. Kampuni inataka kufungua karakana ya pili mwakani, ng'ambo ya mto, na hajui mtaa gani una wazee wengi wasio na meno na wenye uwezo. Akauliza kama naweza kulitazama. Mtanashati akashauri tuwaulize tu madaktari wa meno wa huko. Nikatabasamu. Nikamwambia bosi aniachie mimi.

Nimekaa nikatafakari kwa makini kosa langu la stesheni. Nimelipata. Msiba ndio ulikuwa kosa. Msibani watu wanafumba midomo. Unataka kuona meno ya mtaa mzima, nenda kwenye harusi.

Iko moja Jumamosi. Nimeshanyoa. Sijajua bado kama mimi ni wa upande wa bwana harusi au wa bibi harusi. Nitaamua nikifika.