Mashine Inayowaibia Samaki Protini

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Newala.
Mpwa wangu Yuster kaenda Lupaso kwenye arobaini ya mumewe, Joel. Kaniachia nyumba na tangi la kioo la marehemu: maji ya bahari ya Mtwara, matumbawe hai, samaki watatu. Mjomba, kasema, hicho ndicho kitu cha Joel ambacho bado kinapumua. Nimemwambia alale usingizi. Mimi nimewahi kumlisha papa kwa mkono huu, na mkono ninao.

Pembeni kuna mashine. Inavuta maji, inatoa povu, povu linajaa kikombe. Cyril, mdogo wa marehemu, mwalimu aliyenyimwa ruhusa ya kwenda Lupaso, kasema inaondoa protini. Protini! Darasa la sita tulifundishwa: protini hujenga mwili. Kumbe Joel aliwashindisha njaa miaka miwili.

Jumanne.
Nimerudisha povu lote tangini. Linanuka kama kisamvu cha juzi. Cyril kapita, shikamoo ya mbiombio, kauliza mbona kikombe kitupu. Nimemwambia chaki imemwingia machoni.

Jumatano.
Mashine nimeizima. Bahari ina mashine gani? Nimemuuliza Cyril hivyo. Kasema bahari ni kubwa, mjomba, hili ni sanduku, uchafu wao hauna pa kwenda. Kaniomba niiwashe. Nimemkumbusha kwamba kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Kachukua madaftari yake, kaondoka. Nimeshinda.

Alhamisi.
Maji rangi ya chai. Samaki wa njano kalala ubavu. Shibe hiyo. Jioni kafa. Nimewaongezea waliobaki dagaa wa kusaga.

Ijumaa.
Wote wamekufa. Matumbawe yamekuwa ute. Cyril kaja na madumu ya maji mapya kutoka Mtwara, kakuta nawaopoa kwa upawa. Kakaa juu ya dumu, kashika kichwa.

Jumamosi.
Yuster karudi. Nimemweleza kwamba wamekufa kwa majonzi, walimpenda sana Joel. Kagusa kioo muda mrefu. Kisha kauliza taratibu, mjomba, mashine uliizima lini? Nikamwambia mkubwa haulizwi hivyo. Kafunika tangi kwa kanga aliyotoka nayo msibani.

Jumapili, 10 Agosti.
Yuster na Cyril wamekwenda kanisani, hawakuniita. Kikombe cha mashine kilikuwa bado na povu kidogo. Nimelichanganya na pumba, nimewapa kuku wa mama jirani, Paulina. Sijamwambia. Wakianza kutaga mayai mawili mawili, atakuja mwenyewe kuuliza nani kawatengeneza.