Nyusi Zangu Hazikunyamaza

Ndugu Mhariri,

Niwie radhi kwa kimya changu cha miezi mitano. Kimya kingine, ninachosingiziwa, ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Katika jarida lako, Daktari Pritchett ameandika kwamba mimi, mshiriki mwenzake katika utafiti wa barafu, niliulizwa maswali hamsini, na kwamba arobaini na moja kati yake "sikuyajibu." Nimefundisha sarufi ya Kiinuktituti, lugha yetu ya huku kwenye barafu ya kaskazini, miaka thelathini, sijapata kutuhumiwa hivyo.

1. Niliyajibu yote. Hapa kwetu kuinua nyusi ni "ndiyo," kukunja pua ni "hapana." Daktari alikiinamia kinasa sauti chake kama mwindaji anayevizia sili aibuke kuvuta pumzi kwenye tundu la barafu. Nyusi hazina sauti. Yale tisa niliyajibu kwa mdomo kwa sababu sentensi zake zilihitaji kusahihishwa.

2. Mara moja aliinua kichwa, akaiona pua imekunjwa, akaandika: "Mzee ana mafua." Sina mafua.

3. Aliuliza kama barafu ya mlangobahari hubeba pikipiki ya theluji mwezi wa Novemba. Nilikunja pua hadi miwani ikaanguka, maana mkondo huila barafu ile kwa chini. Yeye akaandika "hakuna pingamizi," na rasimu ya ramani yake ya njia salama, mnayotaka kuichapisha, inapitisha njia papo hapo. Mjukuu wangu Siasi huenda kuvua upande ule.

Kwa hiyo naomba ramani isichapishwe kabla njia hiyo haijafutwa. Naomba pia nyusi zangu zitajwe kuwa waandishi wenza, unyusi wa kushoto utangulie kwa kuwa ndio mzito zaidi; pua ipewe tanbihi; na watafiti wote wafanye mtihani wa uso, nami nitasahihisha kwa wino mwekundu.

Ijumaa kamati yetu ya wawindaji itaamua kama Daktari aruhusiwe kurudi.

Wasalimie wachapaji wote, isipokuwa aliyeweka ile koma ya ukurasa wa tisa.

Wako katika sarufi,
Aipilik Qamaniq

N.B. Siasi ameisoma barua hii, akacheka hadi akamwaga chai. "Babu wewe! Kwani ulimwambia kwamba pua ndiyo hapana?" Nikakunja pua. "Basi mmekosa wote wawili!" Nikainua nyusi.

Tafadhali yafute malalamiko yote, lakini njia ya mlangobahari ifute kwanza. Kamati ikishaamua nitakuandikia, safari hii kwa maneno.